Maduka madogo ya nguo katika Miji Pacha ya Minnesota

Miji ya Minneapolis na Saint Paul imekaa kando ya Mto Mississippi, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, na kwa ujirani wake huitwa Miji Pacha. Katika historia ya biashara ya nguo, miji hii ina sifa mbili zinazovutana. Huku ndiko jumba kubwa la maduka lilikopata umbo lake la kisasa, na ni huku huku ambako duka dogo, ambalo muuzaji wake ndiye mwenye mali, limekataa kufa. Mazungumzo ya leo yanatazama jinsi duka hilo dogo lilivyodumu, na linavyolipia kudumu huko.

Mnamo mwaka 1902, mfanyabiashara George Draper Dayton alifungua katika Barabara ya Nicollet, katikati ya Minneapolis, duka lililokuja kujulikana kwa jina la Dayton's. Kwa miongo mingi, kwenda mjini kununua nguo kulikuwa na maana ya kwenda huko. Lakini kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyojenga Southdale, katika kitongoji cha Edina, mwaka 1956: jumba la kwanza la maduka nchini Marekani lililofunikwa lote na kutiwa joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto. Mwaka 1962 ilifungua duka la kwanza la Target huko Roseville. Mwaka 1992 likafuata jumba la Mall of America, mjini Bloomington, lililojengwa na wengine. Wanunuzi wakazoea kupanda magari na kwenda vitongojini, na katikati ya mji kukapwaya. Jina la Dayton's liliondolewa mwaka 2001, na mwezi Machi 2017 duka hilo, ambalo wakati huo lilikuwa mali ya kampuni ya Macy's, lilifungwa.

Maduka madogo yaliyobaki au kuzaliwa upya katika sehemu za kale za mji yalifuata njia mbili. Njia ya kwanza huonekana katika mtaa wa North Loop, ambako maghala ya matofali yaliyokuwa yakihifadhi zana za kilimo yamegeuzwa kuwa maduka ya mavazi ya kuchaguliwa kwa makini, na bei zake zinawafaa wenye nafasi. Njia ya pili ilianzia mbali zaidi, na ili kuielewa yafaa kwanza kurejea Nairobi.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka nchini Somalia mwezi Januari 1991, wakimbizi wengi waliingia Kenya. Katika mtaa wa Eastleigh palikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Waliopanga vyumba humo walianza kuuza nguo na bidhaa nyingine vyumbani mwao, mzigo ukiwekwa chini ya kitanda usiku na kutandazwa juu yake mchana. Hatimaye vitanda viliondolewa na vyumba vikabaki kuwa maduka. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa jengo moja lenye wafanyabiashara wengi, kila mmoja na chumba chake, funguo zake na wateja wake.

Mtindo huo ulisafiri pamoja na watu. Minnesota ikawa makao ya jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na wengi wao walipitia kambi za Dadaab na Kakuma, jambo linaloeleza kwa nini Kiswahili si lugha ngeni katika mitaa ya Minneapolis. Mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na Barabara ya Lake, karakana ya zamani iligeuzwa na mwekezaji mzaliwa wa Palestina, Basim Sabri, kuwa soko linaloitwa Karmel. Tangu wakati huo jengo hilo limepanuliwa mara kadhaa, na lina msikiti, vinyozi, mikahawa na maduka mengi madogo, mengi yakimilikiwa na wanawake.

Mnunuzi anayeingia humo hutembea katika vijia vyembamba, nguo zikiwa zimetundikwa hadi darini. Humo kuna majilbabu, mitandio, viatu, manukato, na yale magauni mapana mepesi ambayo Wasomali huyaita dirac, na ambayo mwanamke wa Mombasa au Dar es Salaam atayatambua mara moja kuwa ni ndugu wa dera. Bei ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo tu. Muuzaji anamjua mama wa mnunuzi, anajua harusi ni lini, na anajua vazi lipi limekwisha nunuliwa na shangazi wa bibi harusi. Likiwa refu, fundi wa cherehani yupo jirani.

Maarifa hayo ndiyo mtaji mkuu wa duka dogo. Kwa miaka mingi, msichana Mwislamu wa Minnesota aliyetaka gauni refu la mikono mirefu, lenye kufaa shuleni au kazini, hakuliona kwa urahisi katika majumba makubwa. Alilipata kwa mama muuza duka. Ulimwengu wa mitindo ulichelewa kuliona soko hilo. Mwaka 2016 Halima Aden, mzaliwa wa kambi ya Kakuma aliyekulia katika mji wa St. Cloud, alishiriki shindano la urembo la jimbo akiwa amevaa hijabu, na picha zake zikaenea duniani. Mwaka uliofuata kampuni ya Nike ilitoa hijabu ya michezo. Mwezi Februari 2018 Macy's, ambayo ilikuwa imefunga duka lake la Minneapolis mwaka mmoja kabla, ilianza kuuza mavazi ya stara kwa njia ya intaneti. Kampuni kubwa zilikuta njia imekwisha fyekwa.

Hata hivyo, kumjua mteja hakulipi kodi ya pango. Waislamu wengi hujiepusha na riba, na kwa hiyo mkopo wa kawaida wa benki huwa ni mlango uliofungwa. Mwaka 2003 Hussein Samatar, mzaliwa wa Somalia aliyewahi kufanya kazi ya benki, alianzisha mjini Minneapolis shirika la African Development Center. Miongoni mwa huduma zake ni fedha zisizo na riba: shirika hununua bidhaa au vifaa, kisha humuuzia mwenye duka kwa faida iliyokubaliwa tangu mwanzo, naye hulipa kidogo kidogo. Samatar alifariki dunia mwaka 2013, lakini shirika lake lilimzidi umri.

Misukosuko nayo haikukosekana. Mwaka 2020 maduka yalifungwa kwa sababu ya virusi vya korona, na baada ya George Floyd kuuawa na polisi tarehe 25 Mei, majengo mengi ya Barabara ya Lake yaliteketezwa kwa moto, yakiwemo ya wahamiaji wenye mitaji midogo. Mwezi Desemba 2025 serikali ya shirikisho ilianzisha operesheni kubwa ya uhamiaji katika Miji Pacha, na vijia vya masoko ya Wasomali vikapungukiwa na watu. Duka la kampuni kubwa huweza kustahimili msimu mbaya kwa faida ya matawi mengine. Mwenye chumba kimoja hana tawi jingine. Mzigo ulioagizwa kwa ajili ya Idi usipouzwa, deni lake humkalia yeye.

Victor Gruen, msanifu aliyebuni Southdale, alikuwa mkimbizi pia, aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna mwaka 1938. Alitarajia kwamba jumba lake lingewapa watu wa vitongojini uwanja wa kukutana kama ule wa miji ya Ulaya, na baadaye alisikitika kuona limekuwa mahali pa kununulia tu. Alichokitamani kinaonekana leo katika jengo la karakana ya zamani, ambako anayekwenda kutafuta mtandio hukawia kwa salamu, chai na habari za nyumbani. Kudumu kwake kutategemea kama wateja watakuwa na usalama wa kufika, na kama wenye vyumba wataweza kulipa kodi yao mwisho wa mwezi.