Sindano Tano za Yambuku

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, wauguzi walikuwa wakikabidhiwa mabomba matano ya sindano kila asubuhi. Hayo matano yaliwahudumia wagonjwa wa nje, wajawazito wa kliniki na waliolazwa wodini. Mmoja akishachomwa, bomba na sindano yake vilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha akaitwa anayefuata. Jioni vilichemshwa, tena si kila siku.

Ndivyo Ebola, ugonjwa ambao bado haukuwa na jina, ulivyopata njia. Hadi mlipuko unakwisha, watu 318 walikuwa wameugua na 280 wamefariki. Wachunguzi walipofuatilia kila mgonjwa alivyoupata, waligundua kwamba miongoni mwa walioambukizwa kwa sindano pekee hakupona hata mmoja. Wamo wajawazito waliokwenda kliniki wakiwa wazima. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, na tarehe 30 Septemba milango ikafungwa.

Ni rahisi kuwatupia lawama masista wa misheni na wauguzi wale. Lakini katika hospitali hiyohiyo, chumba cha upasuaji kilikuwa na vifaa vyake, navyo viliuliwa vijidudu kwa mtambo wa mvuke kila baada ya kutumika. Elimu ya usafi ilikuwapo Yambuku. Kilichopungua ni mabomba.

Hilo ndilo jambo ambalo mhadhara huu unalisimamia: maambukizi ya hospitalini yanazuiwa kwanza na bohari, bajeti na mpangilio wa wodi, ndipo ifuate tabia ya muuguzi.

Ebola huvuma, ila mengi ya maambukizi haya hayatangazwi redioni. Huingia kwa mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi, kwa dripu, kwa kidonda cha upasuaji, kwa mikono iliyotoka kitanda kimoja kwenda kingine. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba kati ya wagonjwa 100 waliolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kati ya 2002 na 2009. Waliopata bakteria kwenye damu baada ya kulazwa hawakuwa wengi, ila zaidi ya nusu yao walikufa, na wenye utapiamlo mkali walikuwa hatarini zaidi. Mzazi aliyempeleka mwanawe hospitali kwa ajili ya njaa alirudi na msiba wa kitu kingine kabisa.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hili ilionyeshwa Geneva, Uswisi, katika miaka ya 1990. Daktari Didier Pittet na wenzake walihesabu: muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi alihitaji kusafisha mikono hata mara 22 kwa saa moja. Kwenda kwenye sinki, kunawa na kukausha huchukua dakika moja hadi moja na nusu. Angenawa ipasavyo, karibu nusu ya saa ingeishia kwenye maji. Hawakuongeza makaripio; waliweka chupa za kitakasa mikono kando ya vitanda, pamoja na mabango na usimamizi wa kudumu. Kati ya 1994 na 1997 kiwango cha kusafisha mikono kilipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998.

Kanuni ya kuchanganya kitakasa hicho ilitolewa bure kwa dunia nzima: ethanoli, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa. Mali ilitumia ethanoli ya miwa yake yenyewe. Afrika Mashariki nayo ina miwa, na Muhoroni, magharibi mwa Kenya, kuna kiwanda kinachotengeneza ethanoli. Mfamasia wa hospitali ya wilaya anaweza kuuchanganya mchanganyiko huo, mradi halmashauri iweke ethanoli kwenye orodha ileile ya manunuzi yenye dawa na glavu.