Ushuhuda wa mwenye kurudi: shukrani ama kujisifu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wamemba ku mkutano wetu wa mwezi. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, tumefupisha kidogo tu.)



Komite iliniomba niseme juu ya unyenyekevu. Nitashika jambo moja tu, ju naona maharagi ya mbegu yanatungojea pale inje, na macho ya watu wengi yako kule tayari.

Ni juu ya ushuhuda. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalianza ku eneo letu la Beni, tumekimbia, tumerudi, tumekimbia tena. Wamoja walifika Butembo, wengine Bunia, wengine walivuka mpaka wa Uganda. Na kila mara mtu akirudi Oicha, Mbau ama Eringeti, Jumapili ya kwanza anasimama kanisani: nilikimbia, nililala porini, Mungu amenirudisha. Watu wanapiga makofi. Hapo hakuna ubaya hata kidogo. Mtu aliyeponyoka asiposhukuru, nani atashukuru?

Lakini mara nyingi anaongeza sentensi ya pili, na hiyo inaanza na neno "ju". Ju mimi nilikuwa nafunga siku tatu. Ju kwetu nyumbani tunatoa zaka. Ju mimi sikuacha chumba cha maombi. Mimi naona kujisifu kunapita ku kaneno hako kadogo. Sentensi ya kwanza ilikuwa juu ya Mungu. Ya pili iko juu yangu mimi.

Na nani anaisikiliza? Ku benchi ya tatu kuko mama mjane. Bwana yake alikuwa anafunga vilevile. Alikuwa anatoa zaka. Alikatwa na panga akiwa ku shamba ya kakao. Ile sentensi inamwambia nini huyu mama? Inamwambia Mungu alipima nyumba mbili, na ya kwake ikaonekana nyepesi. Tunamuua bwana yake mara ya pili, tena na nyimbo.

Tutazame mambo tunayoyajua sisi wote. Tarehe 27 Juni 2021, Jumapili asubuhi, bomu ililipuka ndani ya kanisa katolika la Emmanuel-Butsili, hapa Beni, mbele ya misa ya kipaimara ya watoto. Wamama wawili waliumia. Ingelichelewa kidogo, kanisa lingelijaa watoto. Tulimshukuru Mungu, na ilikuwa haki. Kisha tarehe 15 Januari 2023, Jumapili tena, bomu ingine ililipuka Kasindi, ku kanisa la Wapentekoste wa CEPAC, watu wako ku ubatizo. Zaidi ya watu 10 walikufa. Na usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, kule Komanda, ku barabara hii yetu ya RN4, waamini walikuwa ku mkesha wa maombi ku parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Zaidi ya 30 waliuawa.

Sasa nani kati yetu atasimama aseme Butsili waliomba vizuri kuliko Kasindi? Wale wa Komanda walikosa nini? Maombi? Walikuwa wanaomba saa ile ile.

Yesu mwenyewe alikutana na jambo hili. Katika Luka sura ya 13, watu walimletea habari ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa wanatoa sadaka. Ni Kasindi kabisa. Yeye akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakataa wazi kwamba hao walikuwa wenye zambi kupita wengine. Akawageukia wale walio hai, akawaambia watubu wao.

Munisamehe nirudi pia kwa yule Mfarisayo wa Luka 18, ju tunamsoma haraka haraka. Tunafikiri alikuwa mwongo. Hapana. Kweli alifunga mara mbili kwa juma, kweli alitoa zaka. Na maombi yake yanaanza na asante! Ni ushuhuda, wandugu. Shida ni kwamba ili asante yake isimame, ilihitaji mtu mwingine awe chini, pale nyuma.

Kuna kujisifu kwingine, kwa wale waliobaki: sisi hatukukimbia, sisi wanaume. Hao niwaombe wasome Wakorinto wa pili, mwisho wa sura ya 11. Paulo analazimishwa ajisifu. Na anaweka nini ku liste yake? Anaweka Damasko, siku walimteremsha kupitia dirisha la ukuta, ndani ya kitunga, ili asikamatwe. Ku jeshi la Roma, askari wa kwanza kupanda ukuta wa adui alikuwa anapewa taji. Paulo yeye anashuka ukuta, usiku, kama mzigo wa soko. Mtume mzima alikuwa mkimbizi, na hakuficha.

Wafadhili wetu, nanyi muko ndani, musifikiri munaponyoka. Kumekuwa mazoea ya kusoma mbele ya watu wote nani ametoa manjanja ngapi, nani bashi ngapi, na mwenye kupokea anapigwa foto akishika. Najua hesabu inatakiwa. Bila hesabu kungekuwa wizi. Lakini hesabu inaweza kukaa ku daftari, na kila memba ana haki ya kuifungua. Yule mzee wa miaka 70 anayepokea bashi, sura yake haina kazi ku hesabu.

Kwa hiyo nimepeleka maombi mawili kwa komite. La kwanza, ushuhuda wa kurudi uendelee, lakini mbele yake tusome majina ya wale wa kijiji hicho ambao hawakurudi, na tusimame kimya. La pili, foto za ugawaji zikome. Prezidenti amesema tutapiga kura mkutano ujao. Wenye majina ya marehemu wao wayalete kwa sekretere, yaandikwe vizuri, na jina la kijiji pembeni.