Ulizeni Bei ya Kutoka

Msikilizaji, kituo cha redio kikiamua kutunza matangazo yake yote, saa 24, kwa sauti isiyobanwa, kinajaza karibu gigabaiti 15 kila siku. Kabla miaka miwili haijatimia kina terabaiti 10 za hotuba, mahojiano, taarabu, mechi na salamu za wasikilizaji. Diski za ofisini huharibika, na nyingine huibiwa, kwa hiyo kupeleka nakala kwenye hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, ni uamuzi mzuri. Tatizo langu ni namna tunavyolinganisha bei zake.

Kawaida ofisa wa tehama hutumwa alete ulinganisho, naye huandika bei ya gigabaiti moja kwa mwezi. Kwa bei zilizotangazwa za Marekani, daraja la kawaida la Amazon S3 ni senti 2.3 za dola, la Google ni senti 2, na la Cloudflare R2 ni senti 1.5. Kisha anakutana na daraja jingine la Amazon liitwalo Glacier Deep Archive, ambalo ni sehemu ya kumi tu ya senti moja. Zile terabaiti 10 zinagharimu dola 230 kwa mwezi, au 200, au 150, au 10. Bodi inaiona hiyo 10 na mjadala unafungwa.

Sasa tuseme kiongozi mkubwa amefariki alfajiri. Chumba cha habari kinataka sauti yake ya miaka iliyopita isikike kwenye taarifa ya saa 7 mchana. Deep Archive imetengenezwa kwa vitu ambavyo havitaguswa. Ukiomba faili kwa njia ya kawaida, unaweza kusubiri hadi saa 12 ndipo iwe tayari kupakuliwa, na kwa njia ya bei ya chini zaidi, hadi saa 48. Ukifuta faili kabla ya siku 180, unalipishwa siku zilizobaki. Kwa ofisi inayotunza majalada yaliyofungwa, masharti hayo hayana ubaya wowote. Kwa redio inayoishi kwa kumbukumbu zake, yanakwamisha kazi siku ileile inapohitajika.

Na gharama inayouma zaidi haimo hata kwenye orodha ya yule ofisa. Kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida hakuna ada ya gigabaiti. Kuitoa kwenda kwenye intaneti ndiko kunakotozwa. Amazon nchini Marekani inakupa gigabaiti 100 za bure kila mwezi, kisha inatoza senti 9 kwa kila gigabaiti. Ukitaka terabaiti zako 10 zirudi nyumbani mara moja, andaa karibu dola 890, ambazo zingelipia kuzitunza kwa takriban miezi minne kwenye daraja la kawaida. Ukiwa umeziweka Cape Town ili ziwe karibu na sisi Waafrika, ada ya kutoa inapita senti 15 kwa gigabaiti, na safari hiyo moja inavuka dola 1,500. Cloudflare, iliyoonekana ghali mara 15 kuliko Deep Archive, haitozi ada ya kutoa. Kampuni ya Backblaze nayo, ilipopandisha bei Oktoba 2023 kutoka dola 5 hadi 6 kwa terabaiti kwa mwezi, iliruhusu wateja watoe bure hadi mara tatu ya walichohifadhi. Aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha anaweza kuwa wa kwanza, kutegemea data yako itatoka mara ngapi.

Hata wakubwa hukwama hapa. Machi 2020, Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu mpango wa kuhamishia kwenye wingu la Amazon data za satelaiti zinazoitazama Dunia. Akiba ya petabaiti 32 ilitarajiwa kufikia 247 ifikapo 2025, na petabaiti moja ni terabaiti 1,000. Data hizo hutolewa bure kwa mtu yeyote duniani, awe mtafiti wa ukame au wa vimbunga. Kwenye wingu, kila mtu anapopakua, ankara inakwenda kwa NASA. Wakaguzi waliona gharama hiyo haikupewa uzito wa kutosha. Kilichonigusa zaidi ni onyo lao kwamba shirika, likitaka kubana matumizi, lingeweza kuweka ukomo wa data zinazotolewa. Hapo anayeumia ni mtafiti aliye mbali, ambaye hakushirikishwa katika hesabu hiyo.

Mambo yamesogea kidogo. Mwanzoni mwa 2024 Google, kisha Amazon na Microsoft, walitangaza kuwaondolea ada ya kutoa data wateja wanaohama moja kwa moja. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake ya data, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inataka ada za kuhama zikome kabisa kuanzia Januari 2027. Lakini anayebaki na kupakua kila siku bado analipa. Ongeza kodi, na kumbuka ankara inakuja kwa dola huku matangazo ya biashara yakilipwa kwa shilingi.

Ndugu wakurugenzi wa redio, hospitali na maktaba, kabla ya kuomba bei, fungueni daftari la kumbukumbu mhesabu mwaka jana watu waliomba rekodi ngapi, ndefu kiasi gani, na walizihitaji kwa haraka gani. Kama daftari hilo halipo, lianzishwe wiki hii. Kisha kila kampuni ipewe hesabu hiyohiyo na ilete bei tatu za miaka mitano: ya kutunza, ya kutumia na ya kuondoka. Atakayeshinda ajaribiwe kwanza. Pakieni terabaiti moja, mwirudishe yote kwa laini yenu ya intaneti, mpime saa na msubiri ankara ya mwezi huo, kabla ya kupakia zile tisa zilizobaki.