Faida Kabla ya Mavuno



Sisi watu wa Kwamndolwa twaijua kazi ya shamba. Mvua ikikosekana mahindi hukauka. Mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye jembe jasho lake. Huo ndio ushirika wa mudharaba ulioruhusiwa na Sharia. Lakini mwenye kuahidi faida maalumu hata kabla mbegu haijaota, anauza nini?

Kampuni ya Mr Kuku, Dar es Salaam, ilipokea fedha za watu kwa ufugaji, ikiahidi faida ya asilimia 70 kwa miezi 4. Kuku gani hao! Januari 2021 mwenye kampuni alikiri kosa la upatu katika Mahakama ya Kisutu, na zaidi ya shilingi bilioni 5 zikataifishwa.

Kupokea amana za watu bila leseni ya Benki Kuu ni kosa. Basi mwenye kutaka kuuza mbuzi wake ili aweke fedha, kwanza aione leseni, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika deni, Sura ya Al-Baqara, aya ya 282. Akiambiwa afanye haraka, nafasi zinakwisha, na arudi nyumbani na mbuzi wake.