Kitambi si Cheo

Tumezoea kuzungumza juu ya chakula cha ng'ombe. Leo tuangalie chetu wenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri. Usiseme hayo ni ya mjini. Hata kijijini siku hizi safari ni bodaboda, na soda ipo kila duka.

Chupa moja ya soda ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Shirika hilo linashauri mtu mzima asizidishe vijiko 12 kwa siku, na heri viwe 6. Je, kikombe chako cha chai unatia vingapi?

Sembe nayo imeondolewa pumba na kiini. Kuku anakula kilicho bora, sisi tunabaki na wanga.

Basi, kausha mahindi vizuri, usage dona. Punguza mafuta, ongeza mchicha. Usiuze maharage yote ukanunua soda. Unene huu huleta kisukari na shinikizo la damu. Ukilala kitandani wakati wa palizi, jembe lako atalishika nani?

Kwaherini, ndugu wakulima.