Mashine Inayoamua Mkopo: Mazungumzo kwa Wafanyabiashara wa Maua



Akili unde ikitajwa, wengi hufikiria roboti katika kiwanda cha ng'ambo. Hata hivyo, mwenye duka, mama mboga na mchuuzi wa miraa wamekuwa wakipimwa na mashine kwa zaidi ya miaka kumi. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, iliyotoa mkopo bila karani wala mdhamini. Programu ya tarakilishi ilisoma jinsi mteja anavyotumia simu na kuweka akiba, kisha ikaamua anastahili kiasi gani. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilifuata njia hiyo hiyo. Mkopo wa mtu binafsi uliwekwa kati ya shilingi 500 na 50,000, na anayelipa kwa wakati huongezewa kiwango.

Faida yake inaeleweka hapa kuliko kwingi. Miraa haingoji. Ikishachumwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, thamani yake hushuka baada ya siku mbili hivi. Anayetafuta pesa za kuwalipa wachumaji leo hawezi kusubiri kikao cha mikopo cha wiki ijayo.

Lakini mashine huona rekodi, haimwoni mtu. Uingereza ilipopiga miraa marufuku Juni 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, wafanyabiashara wa Igembe walipoteza mapato bila kosa lao. Biashara ikisimama hivyo, simu ya mwenyewe hunyamaza, na mashine haijui kwamba soko limefungwa. Vivyo hivyo kwa anayeuza kwa pesa taslimu pekee: anaweza kuuza kutwa, na mashine isiwe na habari.

Basi mfanyabiashara afanye nini?

Kwanza, aweke rekodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malipo ya wateja yapitie nambari ya till ya biashara, yasichanganywe na pesa za nyumbani.

Pili, ajue haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inahusu maamuzi mazito yanayofanywa na mashine pekee. Mhusika anapaswa kujulishwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Asiporidhika, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data bila kulipa ada.

Tatu, akope kwa mwenye leseni. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na zinawakataza kuwatisha wadeni au kuwapigia jamaa na marafiki zao ili kuwaaibisha.

Kuna tahadhari nyingine. Programu za leo zinaweza kuiga sauti ya mtu. Mwana au mteja akipiga simu kwa nambari ngeni akiomba pesa za haraka, simu ikatwe, kisha apigiwe kwa nambari yake ya kawaida kabla ya shilingi yoyote kutumwa. Nambari ya siri haitolewi kwa yeyote.

Kuhusu kazi za mikono, hofu si ya bure. Mei 2023, mashine za kuchuma majani chai ziliteketezwa Kericho katika maandamano ya watu waliolalamikia kupotea kwa ajira. Meru pia hulima chai, kwa hivyo jambo hilo lafaa kuzungumzwa mapema kati ya wakulima, wachumaji na viwanda. Lakini si kila programu humnyang'anya mtu kazi. Nuru, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Penn State kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutumia kamera ya simu kutambua uharibifu wa viwavijeshi kwenye mahindi na magonjwa ya mihogo, hata pasipo intaneti. Jembe hubaki mkononi mwa mkulima. Anachoongezewa ni jicho.

Mashine hizi zimeshaingia sokoni Maua. Anayejua zinavyopima atakopa kwa mpango, na akikataliwa atajua pa kuuliza. Asiyejua atabaki kuamini kwamba simu imemkataa, na mambo yakaishia hapo.