Breki za Kuazima

Juma hili naomba tuzungumze habari ya breki. Najua wapo watakaouliza, mwandishi wa habari na breki wapi na wapi? Lakini mimi hupanda magari kama ninyi, na gari ninalotaka kulisimulia nilikuwamo ndani yake.

Shemeji yangu anaishi Lushoto, na analo Land Rover fupi, Series III, lile ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 88. Hupakia kabichi na viazi akashusha Mombo. Wanaoijua barabara ile hawahitaji kuelezwa: ni kilomita thelathini na ushei za kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Gari hilo lilizaliwa na ngoma za breki za inchi 10, na kila ngoma ya mbele ina silinda moja tu ya kusukuma viatu vyake viwili, au brekishuu kama wasemavyo mafundi. Likiwa tupu halina ubaya. Likiwa na magunia, dereva huanza kukanyaga kabla hata hajaiona kona.

Kaka yake, yaani Land Rover refu la inchi 109, alipewa ngoma za inchi 11, na mbele kila ngoma ina silinda mbili. Boliti zinalingana, hivyo breki za mbele za refu huingia katika fupi bila kuchomelea wala kutoboa. Hata kiwanda chenyewe, katika miaka ya mwisho ya Series III, kabla haijaachwa mwaka 1985, kilianza kuyafungia magari mafupi ngoma za inchi 11 mbele. Kwa hiyo shemeji hakuwa na wazimu aliponunua breki za refu moja bovu lililokuwa likikatwakatwa.

Naomba uvumilivu kidogo, maana utamu wa jambo uko hapa. Breki ya ngoma husaidiwa na gurudumu lenyewe. Kiatu kikisukumwa kuelekea kule gurudumu linakozungukia, ngoma hukikokota na kukibana zaidi, mfano wa kabari. Kikisukumwa kinyume cha mzunguko, ngoma hukirudisha. Katika breki za fupi, kiatu kimoja hukokotwa na kimoja hurudishwa. Katika breki za refu, kwa kuwa kila kiatu kina silinda yake, vyote viwili vya mbele hupangwa vikokotwe. Nguvu yenyewe iko hapo. Ile inchi moja ya ziada ni sehemu moja tu ya kumi.

Basi gereji moja ikaifunga kazi hiyo kwa siku moja. Tulipotoka kujaribu, pedali ilizama karibu na sakafu, na gari likasimama kwa shida kuliko zamani. Fundi akasema ni upepo. Akatoa upepo. Ikanunuliwa chupa nyingine ya mafuta ya breki, akatoa upepo tena. Kwenye chupa ya tatu akasema brekishuu ni mpya, hazijakaa, zitakaa huko mbele ya safari. Huko mbele ya safari, ndugu wasikilizaji, ni makorongo ya kuelekea Soni, na kiti cha kushoto nilikuwa nimekikalia mimi.

Tulimwendea mzee mmoja aliyeanza kuyatengeneza magari haya tangu ujana wake. Hakufungua boneti. Alimwambia shemeji aende mbele polepole, uwanjani, kisha akanyage. Gari likateleza, likateleza, likasimama. Akamwambia arudi nyuma kwa mwendo uleule, akanyage. Lilisimama ghafla mpaka kisogo changu kikagonga kioo. Mzee akacheka, akasema, "Breki zenu nzuri sana, wanangu. Ila mmefungiwa za kwenda kinyumenyume."

Sahani inayobeba viatu vya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Matundu ya boliti hayakatai. Kwa kosa hilo viatu vyote vinne vya mbele vikawa vya kurudishwa, visibaki hata kile kimoja cha kukokotwa alichokuwa nacho shemeji katika breki zake za zamani. Alikuwa amelipa fedha ili apunguziwe breki.

Mzee akazibadilisha, kisha akaigeukia ile pedali inayozama. Wala haukuwa upepo. Mbele palikuwa na silinda mbili, sasa ziko nne, na masta silinda ni ileile ya gari fupi. Pampu ndogo haina mafuta ya kutosha kuzijaza. Kipenyo cha pampu kikiongezwa robo tu, mafuta yanayosukumwa kwa mkanyago mmoja huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ikatafutwa masta ya refu, na pedali ikapanda juu. Ikawa ngumu pia, kwa sababu pampu kubwa hutaka mguu wenye nguvu, na shemeji alilalamika wiki nzima.

Mimi simlaumu fundi wa kwanza kwa kutojua. Namlaumu kwa ile chupa ya tatu. Katika gereji zetu neno "imeingia" siku hizi linahesabiwa kuwa sawa na "imefaa", na kipuri kikishaingia, mwenye gari hukabidhiwa ufunguo, majaribio yakafanywe na abiria. Hatari ni kubwa kuliko ile ya breki mbovu unazozijua. Mwenye breki mbovu hushuka na gia nzito, huku akiomba Mungu. Aliyeambiwa breki zake zimeongezwa huweka gia nyepesi na kuzungumza na jirani. Ngoma, hata iwe ya inchi 11, huficha joto ndani, na ikichemka haishiki. Kiwanda kililijua hilo: Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilitoka na breki za disiki mbele.

Kabla hatujaondoka mzee alituonya jambo moja. Viatu vinavyokokotwa wakati wa kwenda mbele, ndivyo hivyohivyo vinavyorudishwa gari likiporomoka kinyumenyume. Kwa hiyo likizimika mlimani msitegemee pedali peke yake; vuteni hendibreki, ambayo katika gari hili hushika shafti nyuma ya giaboksi.

Juma lililofuata tulizimikiwa tukipanda, nyuma ya lori la mbao. Shemeji alikanyaga, gari likaanza kurudi taratibu, akavuta hendibreki, likakaa. Utingo alikuwa tayari ameruka chini na lile jiwe lake la zamani, ambalo shemeji alitaka litupwe siku breki zilipokamilika. Mzee ndiye aliyesema libaki.